Amplifaya Isiyochosha Masikio

9 Februari 1997

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na kama bado umekonda kama ulivyokonda kwenye ile picha, basi weka barua chini ule kwanza, halafu uendelee kusoma. Sisi hatujambo. Mama hajambo, goti lile lile na ulimi ule ule. Mwanangu mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kucheka mbele za watu. Cherehani yangu imeanza kuruka nyuzi, nami nina sare arobaini za shule za kumaliza kabla mwezi haujaisha, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda ujue akili iko kwenye kola.

Sasa lililonikalisha. Kanda ya Baba uliyoitengeneza imefika salama. Mdogo wangu, mikono yako ina baraka! Mimi nilishakata tamaa. Tangu nilipoitoa kwenye sanduku lake la bati, wiki moja baada ya mazishi, ilikuwa inalia kama panya na kukwama kabla hata ya salamu kwisha. Tulijua tu kwamba aliirekodi kambini kwenye safari yake ya mwisho ya kuchimba visima, amletee Mama, kama alivyofanya kila safari maana hakuwa mtu wa kalamu. Halafu ugonjwa ukamwahi, ikabaki sandukuni bila mtu kuisikia.

Mama ameisikiliza pande zote mbili, kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Alipofika mwisho wa upande wa pili, pale Baba anaposema, "Yule kijana wetu simlaumu tena, hata mimi nilimkosea, akirudi mpokee," aliinuka na goti lake akanifuata chumba cha kushonea, akanishika mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka tu.

Unajua tangu ukose mazishi Baba mdogo hajanyamaza. Kila akija anakaa kwenye kiti cha Baba, anakunja miguu, anasema mtoto ambaye hakumzika baba yake hana neno ndani ya nyumba hii. Wewe ulisema basi liliharibika njiani, nami nikamwambia hivyo, akacheka puani. Basi Mama ameapa. Agosti, Baba akitimiza mwaka, ndugu wote wakikaa sebuleni, atawawekea kanda hiyo wasikie kwa masikio yao. Anasema, "Nataka nimwone shemeji yangu akimeza maneno yake."

Kuna tatizo moja tu. Ile redio ya zamani ilikufa, tukanunua deki ya kaseti na amplifaya mpya mjini. Muuzaji alituapia. Lakini Mama hawezi kukaa nayo robo saa! Anasema inachoma, kila "s" ya Baba inamwingia kama sindano. Masikio yake si unayajua, miaka thelathini akiunganisha watu kwenye ubao wa simu wa hospitali na vile vidude vya kusikilizia vimembana kichwa. Anaishia kuzima, anajifunga kitambaa kichwani na kulala. Wewe ndiye fundi. Tuchagulie amplifaya ya kistaarabu.

Na mbona kwenye kifurushi hukuandika hata mstari mmoja juu ya maneno ya Baba? Ulilia ukaona haya kuniambia?

Dada yako.


3 Machi 1997

Dada,

Shikamoo, na shikamoo ya pili umpelekee Mama. Mimi mzima. Mwambie mwanao, mjomba wangu asiye na meno, kwamba nami nilipong'oka niliitwa Pengo mwaka mzima na sikufa. Kibanda changu kiko pale pale, mkono wa kulia wa duka la viatu. Mvua imeanza kuvuja juu ya meza ya kazi, kwa hiyo nalehemu nikiwa nimevaa kofia.

Kuhusu amplifaya. Masikio hayachoshwi na ukubwa wa sauti peke yake. Madukani wanapenda mashine zilizochongoka, sauti za juu zimepandishwa, kwa sababu mteja anakaa dakika tano tu na dakika tano zinatosha kusema, "Loo, hii safi!" Taabu inakuja nyumbani. Ubongo unapambana na ule ukali bila wewe kujua, na baada ya muda kichwa kinauma, unakasirika, hujui umekasirikia nini. Halafu spika za Baba zile za mbao ni nzito kusukuma. Amplifaya ndogo ikilazimishwa inaanza kukwaruza, na ukwaruzaji huo unakaa hasa kwenye "s" na "sh".

Kabla ya kununua kitu, jaribuni haya. Sebule ina saruji tupu na madirisha makubwa. Tandikeni zulia, mteremshe pazia zito, spika zisitazamane na kiti cha Mama uso kwa uso. Kitufe cha sauti za juu kirudisheni nyuma kidogo.

Juu ya kikao, naona kanda isipigwe mbele ya watu. Ni nyembamba, imechoka, inaweza kukatika. Mama aisikilize kidogo kidogo, peke yake, na mara chache. Inatosha.

Kuhusu yale maneno, kama Mama amefurahi nami nimefurahi. Nina kazi nyingi wiki hii.

Mdogo wako.


28 Machi 1997

Mdogo wangu,

Hatujambo, ila mimi kidole nimekichoma sindano hadi kucha imekuwa nyeusi. Sare zimekwisha. Mjomba wako anakusalimu, ameshaanza kucheka lakini kwa kuziba mdomo.

Zulia tumetandika. Pazia nimeshona mwenyewe, kitambaa cha kochi, zito hilo mpaka mchana tunawasha taa. Spika tumezigeuza, na Mama akalalamika kwamba sasa Baba anaongea na ukuta. Afadhali kidogo. Kutoka robo saa amefika nusu saa, kisha anazima. Upande wa pili haufikii, labda nimpelekee mwisho moja kwa moja asikie yale maneno yako halafu basi.

Hebu niambie ukweli. Nimeisoma barua yako mara tatu. Juu ya zulia umeandika mistari sita. Juu ya Baba kukusamehe umeandika mmoja. Miaka mitatu hamkusemezana! Wewe ndiye uliyemwambia mbele ya vijana wake wa kazi kwamba maisha yake yote amechimba mashimo, na mimi ndiye niliyemwona akiingia ndani siku ile, akakaa kitandani na viatu. Hata kama yeye ndiye aliyeanza kuidharau kazi yako, yale yalimwingia. Leo sauti yake imekusamehe, wewe unanieleza habari za pazia?

Au bado una hasira naye? Kama una hasira sema, mimi si Baba mdogo.

Na kanda itapigwa. Mama ameshawaalika watu. Leta amplifaya.

Dada yako.


6 Mei 1997

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kukawia. Nilikuwa na homa, halafu nikawa sina homa ila nilikaa tu.

Sina hasira na Baba. Naomba usiniulize tena hilo.

Mletaji wa barua hii ni dereva wa lori la vitabu, mtu mwaminifu, na sanduku alilobeba ndilo amplifaya. Nieleze nilivyoichagua ili usije ukadhani nimekuokotea jalalani. Nilizikusanya nne kibandani. Mimi sizipimi kwa kusikiliza, maana sikio likiwa kazini linajikaza na kudanganya. Nawasha mashine, naweka mtu anayeongea, si muziki, halafu nafanya kazi nyingine. Nakula, nasoma gazeti, nachambua vyuma. Nikijikuta mkono umeenda wenyewe kwenye kitufe kupunguza sauti, mashine hiyo naitoa mezani.

Ya kwanza mkono ulienda baada ya dakika ishirini. Ya pili ilikuwa nzuri ila ina mngurumo. Ya tatu inasema kila kitu, Dada, mpaka unasikia mtu akilamba midomo, na watu wengi wangeipenda. Niliirudisha. Hii ya nne ni ya zamani, ya zile taa za kioo zilizokuwepo kabla ya transista. Inapasha moto kama jiko, ipeni nafasi ya kupumua. Sauti yake ni ya mviringo, "s" zimelala, hakuna kinachochoma. Niliiacha inaongea kutwa nzima, mkono haukwenda popote. Inaficha kidogo vitu vidogo vidogo, lakini Mama havihitaji.

Msiguse kitufe cha sauti za juu. Kiacheni nilivyokiacha.

Sitaweza kuja Agosti. Kazi.

Mdogo wako.


1 Juni 1997

Mdogo wangu,

We! Umetuletea nini? Nilipowasha nikaona zile taa zinawaka nyekundu nikadhani nyumba inaungua, nikamwita jirani. Mama alicheka mpaka akasahau goti.

Kisha akakaa. Nusu saa ikapita, saa ikapita, nikaenda kumchungulia nikamkuta kaegemea, kitambaa hakipo kichwani, macho kayafumba. Amemaliza pande zote mbili bila kuinuka. Anasema, "Sasa huyu ndiye mume wangu, yule mwingine alikuwa anapiga filimbi." Tangu siku hiyo kila asubuhi akishakunywa chai anawasha, anaisikiliza yote, mchana anarudia. Haumwi kichwa, hakasiriki. Nilimwambia wewe ulishauri asikilize kidogo kidogo, akasema wewe ni mtoto tu, huna la kumwambia.

Baba mdogo alipita akasikia upande wa kwanza, akatoka bila kukaa kwenye kiti. Nilifurahi, nisamehewe.

Ila kuna kitu Mama ameniuliza, nikasema nitamuuliza fundi. Anasema kanda yote ina jenereta la kambini, linanguruma nyuma ya Baba tangu mwanzo. Na mimi nimelisikia. Anasema kwenye ile mashine kali hakulisikia, alikuwa anashughulika na sindano tu. Sasa amestarehe anasikia kila kitu. Basi upande wa pili, mwishoni, lile jenereta linazimika ghafla, na badala yake kuna kitu kinazunguka kama pangaboi, fyu, fyu, fyu. Baba anaendelea kuongea kama hakuna kilichotokea. Mama anauliza, kambini porini pangaboi wamelitoa wapi?

Halafu akaniambia jambo jingine. Anasema hapo mwisho Baba anapumua vibaya. Nikamuuliza vibaya vipi. Akasema, "Anapumua kama mtu anayesoma." Mama alisikiliza sauti za watu miaka thelathini bila kuwaona nyuso.

Ni wewe ulipoisafisha, au ni nini? Nijibu nimtulize.

Dada yako.


30 Juni 1997

Mdogo wangu,

Mwezi mzima. Dereva wa lori la vitabu amesema barua yangu alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukafunga kibanda saa nne asubuhi.

Mama hapigi tena ile kanda hadi mwisho. Anaisimamisha mahali fulani anazima. Haniambii kwa nini, nami namwogopa kumuuliza.

Nijibu.

Dada yako.


11 Julai 1997

Dada,

Shikamoo. Sijui nikusalimu vipi zaidi ya hapo. Barua hii nimeiandika mara saba. Tafadhali isome peke yako, ukiwa umekaa.

Kanda ya Baba niliifuta mimi.

Si yote. Dakika kumi na moja za mwisho. Kaseti ina vijino viwili vidogo vya plastiki mgongoni. Ukivivunja, mashine haiwezi kurekodi juu yake tena. Kila kaseti inayoingia kwenye kibanda changu, kabla sijaigusa kwa kitu kingine, navivunja. Nimewahi kumgombeza mteja mtu mzima kwa sababu hakuvivunja. Hii ilikuwa ya Baba, nami nilikuwa na haraka ya kumsikia, nikasema vijino baadaye. Nikailainisha, nikaibadilishia nyumba yake ya plastiki, nikamsikiliza mwanzo hadi mwisho, saa nzima na nusu, kibanda nimekifunga kwa ndani. Ilipokwisha nikairudisha nyuma nisikie tena pale mwishoni. Macho yalikuwa hayaoni vizuri. Nilibonyeza vitufe viwili badala ya kimoja. Mteja akagonga, nikatoka kumpa redio yake, tukapiga porojo. Niliporudi nikaona taa nyekundu ya kurekodi inawaka.

Dada, mimi ni fundi. Hiyo ndiyo kazi niliyomtukania Baba.

Nilikaa nayo siku tisa. Ningeandika tu, "Nimeharibu," na mngenilaani mkanisamehe. Sikuweza. Tayari nilikuwa yule ambaye hakumzika. Na unajua watu husema nikiongea nyuma ya ukuta ni Baba mtupu. Nikawasha pangaboi ili kuwe na mngurumo, nikaandika maneno kwenye karatasi, nikayasoma kwa sauti yake. Mara ya kwanza nilitaka kuyarudia yale yale aliyoyasema. Naapa ndivyo nilivyoanza. Lakini sauti ilipotoka, ikawa ni yeye kabisa, nikataka aniambie kitu. Hakuna mtu mwingine ambaye angenipa neno hilo. Nikamfanya aseme hanilaumu. Nikamfanya aseme hata yeye alinikosea.

Hakusema hivyo. Kwenye kanda nzima, Dada, pande zote mbili, hakunitaja. Hakunilaani wala hakunisamehe. Alimuuliza Mama juu yako, juu ya watoto, juu ya bawaba ya mlango wa jikoni. Mimi sikuwemo. Ndipo nikajitia mwenyewe.

Na ile amplifaya, zile sifa zote nilizokuandikia. Ni kweli haichoshi. Lakini niliichagua kwa sababu inaficha. Ile ya tatu ilikuwa bora kwa masikio ya Mama, ilikuwa laini na ilikuwa wazi. Niliijaribu kwa nakala ya kanda hii niliyojiwekea baada ya kutia maneno yangu, nikajisikia nikigeuza karatasi. Nikatafuta inayofunika. Nilimchagulia Mama mashine kama mtu anayechagua blanketi la kufunikia kitu kilichooza. Na ikawa nzuri mno, akastarehe, akasikiliza mpaka akanifikia.

Basi halikuharibika siku ya mazishi. Nilifika. Nilishuka stendi saa tatu asubuhi na shati jeusi, nikakaa benchi la mbele ya ofisi ya tiketi. Niliona magari yanapita kwenda makaburini, niliuona mkono wako dirishani. Nilishindwa kusimama. Nikapanda la saa nane kurudi. Nilijiambia wale vijana wake wa kazi watakuwepo, wote walinisikia siku ile.

Sina uso, Dada. Usimwambie Mama kama hutaki. Lakini kanda isipigwe mbele ya watu.

Mdogo wako.


24 Julai 1997

Nimesoma.

Sitakusalimu leo. Nimekaa na barua hii siku sita chini ya vipande vya vitambaa, kila Mama akiingia nahisi anaiona. Nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja.

Wewe una akili gani? Mama alilia! Alinishika mkono! Alikuwa analilia karatasi yako! Na mimi nikakimbia kumwambia Baba mdogo, nikamwambia kwa kiburi, "Subiri Agosti." Umenifanya mwongo wa pili.

Nilikuwa nishaanza kukuandikia kwamba usiniandikie tena. Kisha nikaona kwamba kwenye barua yote ile ndefu umeeleza ulichokisema wewe, umeeleza vijino, umeeleza benchi la stendi, machozi yako, aibu yako. Wewe, wewe, wewe. Mahali pamoja tu umepapita mbio. Dakika kumi na moja. Baba alisema nini pale? Wewe peke yako duniani ndiye uliyesikia. Yale hayakuwa yako, yalikuwa ya Mama.

Kikao ni tarehe kumi na saba. Andika.


5 Agosti 1997

Mama,

Shikamoo. Dada akikusomea hii, ameshakueleza niliyoyafanya, au atakueleza sasa hivi kabla hajaendelea. Sina ombi. Dada alisema kweli, nilikufuta wewe nikajiweka mimi. Nakurudishia ninayoyakumbuka. Niliyasikia mara moja tu, kwa hiyo pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika, na sitaongeza hata neno moja.

Alianza kwa kukuita, "Bi Subiri." Sikuwahi kumsikia akikuita hivyo nyumbani. Alisema siku hiyo wamepata maji mita sitini na mbili, ya kwanza yana tope, na yeye ameyanywa hivyo hivyo kwa kofia, vijana wakamcheka.

Akasema kuna jambo amekuficha tangu ujana wenu na sasa amezeeka anaona ni upuuzi kuendelea kulificha. Akasema, yule mgonjwa aliyekuwa akimuulizia kwa simu kila Jumatano, yule wa mguu uliovunjika, hakuwepo. Hakukuwa na mgonjwa. Alipita siku moja hospitali kupima kisima, akakusikia dirishani ukimwambia mtu kwenye simu, "Tafadhali subiri," na alitaka kuisikia tena. Hakujua jina lako. Akabuni mgonjwa. Kila Jumatano ukimwambia asubiri, alisubiri, na alikuwa anaomba usirudi upesi, maana ukirudi utamwambia hayupo na simu itakatika.

Hapa sina hakika ya mpangilio. Alisema tangu hapo imepita ama miaka thelathini na minne au thelathini na mitano. Alisema porini usiku jenereta likinguruma anajaribu kukumbuka ulivyolitamka lile neno, na mara nyingine analipata na mara nyingine halipati. Akacheka. Akakohoa, na nadhani kikohozi kile ndicho kilichokuja kumuua, sikukitambua. Akasema, "Nikirudi safari hii sitoki tena. Nitakaa hapo hapo sebuleni unichoke." Kisha akasema bawaba ya mlango wa jikoni ipakwe mafuta. Kisha akasema, "Haya mama, wameniita." Mwisho kulikuwa na mlio wa kitufe.

Hayo ndiyo yote. Mimi sikuwemo.

Mwanao.


26 Agosti 1997

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mjomba wako meno yanachipua, ni makubwa kuliko uso.

Nilimsomea Mama. Nilianza na ile ya kwako ya Julai kwa sababu nilijua nikianza na ya pili nitashindwa kuirudia. Aliisikiliza bila kunikatiza. Alisema tu, "Nilijua si yeye. Sikujua ni nani." Kisha akasema niendelee.

Nilipofika pale kwenye mgonjwa alinisimamisha. Akasema nirudie. Nikarudia. Akapiga kofi pajani, "Hakukuwepo!" Mdogo wangu, Mama anasema alimtafuta yule mtu wodi zote miezi miwili. Alimgombeza karani wa wodi ya mifupa. Aliandika jina lake kwenye kikaratasi akakibandika ubaoni ili asimsahau maskini asiye na ndugu isipokuwa huyo mmoja anayepiga simu. Alicheka, akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, nikalazimika kumshika. Nikamsomea barua ile tena jioni, na kesho yake asubuhi badala ya kanda.

Siku ya kikao watu walijaa. Baba mdogo alikaa kwenye kiti, akauliza iko wapi hiyo kanda tuliyotishiwa nayo. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama alisimama mwenyewe. Akasema, "Haitapigwa. Mwanangu aliifuta kwa makosa, akatia maneno yake mahali pa maneno ya baba yake. Yule aliyesema amesamehewa ni yeye mwenyewe." Hakukupamba hata kidogo. Baba mdogo akasema, "Si nilisema mimi?" Mama akamwambia, "Ulisema. Na sasa simama, hicho ni kiti cha mume wangu." Akasimama, jamani. Kisha Mama akawaambia kisa cha yule mgonjwa, chote, akiigiza na sauti kama anavyojua yeye, na wale wachimba visima wa zamani walilia kama watoto. Kwa hiyo sasa watu wote wanajua uliyoyafanya. Sitakudanganya kwamba hawakukusema walipotoka. Walikusema mpaka getini.

Juu ya amplifaya. Mama anasema mashine haina kosa na masikio yake hayachoki, ila hawezi kukaa na kitu kilichochaguliwa ili yeye asisikie. Anasema uje uichukue, ulete ile ya tatu.

Nikamwambia nitamtuma dereva wa lori la vitabu, si anapita kila mwezi. Akasema, "Nimesema aje yeye."

Nikamwambia, Mama, akija na hali ilivyo, na maneno ya watu, atafikia wapi? Akanitazama juu ya miwani kama nimeuliza jambo la kipuuzi.

"Kwani kwao ni wapi?"

Dada yako.